Mzee Aliyeshika Plagi Bila Kushtuka

Kabla sijaanza, tukubaliane. Mimi sinywi pombe, sikuwa na homa siku hiyo, na haikuwa usiku. Najua visa vya namna hii watu huviweka usiku, mbwa wanalia na mtu anatoka kilabuni peke yake. Changu kilitokea saa nane mchana, jua limesimama utosini, kando ya barabara pale Mvara, mjini Arua, wanafunzi wanapita na boda boda zinapiga honi. Nilikaa na mtu aliyekufa muda wa saa tatu nzima. Na sikukaa naye kwa adabu, nilimtukana. Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana mbele kidogo utaona haya kwa niaba yangu.

Mimi ni fundi wa injini ndogo. Jenereta, pampu za maji, mashine za kusaga, zote zinapita mikononi mwangu. Kazi nilijifunzia Eldoret, katika gereji moja, miaka saba, ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka kidogo kuliko cha nyumbani. Kiburi nacho nilikitoa huko huko. Uliza mtu yeyote Mvara kuhusu fundi mwenye mdomo, atakuonyesha kibanda changu bila kufikiri. Mteja akiniambia jenereta yake ina shida ya plagi, namuuliza, wewe umesomea wapi? Kama ugonjwa unaujua, mbona umemleta mgonjwa kwangu?

Mdomo huo ndio uliomfukuza mke wangu.

Amina ni mtu wa Koboko. Siku moja alikuwa ameniletea chakula kibandani, akanikuta namkabidhi mteja jenereta iliyokuwa inakwenda harusini. Ilikuwa inanguruma vizuri tu. Amina akainamisha kichwa, akasikiliza, akasema taratibu, "Baba Hawa, hiyo bado inavuta hewa mahali." Alisema mbele ya mteja. Na mimi, mbele ya mteja huyo huyo, nikamwambia arudi kwenye masufuria yake, huko ndiko kuna kinachomsikia. Mteja akacheka sana.

Jenereta ikazimika katikati ya harusi. Asubuhi jamaa za bibi harusi walikuwa mlangoni kwangu, na wewe unajua watu wa harusi iliyoharibika wanavyozungumza. Nikaifungua. Gasketi ya kabureta ilikuwa inavuta hewa. Je, nilimwambia Amina kwamba alikuwa sahihi? Sikumwambia. Nilimwambia amebahatisha. Hakupiga kelele, maana Amina si mtu wa kelele. Alimfunga mtoto wetu Hawa mgongoni, akachukua begi, akapanda gari la kwao.

Miezi miwili ikapita. Nilikula mihogo ya kuchoma mchana na jioni. Kiatu kimoja cha Hawa kilikuwa kimebaki chini ya kitanda, na siku nilipokiona nililia, sioni haya kusema. Nikamaliza kulia, nikavaa shati safi, nikaenda Koboko kumfuata mke wangu.

Baba mkwe sikuwahi kumwona. Alikuwa mwanajeshi zamani, halafu akawa mpasua mbao, na alifariki mwaka mmoja kabla sijakutana na Amina. Hata picha yake haikuwepo ndani ya nyumba, alikuwa hapendi kupigwa picha, sababu aliijua mwenyewe. Aliyenipokea ni Rajabu, shemeji yangu mkubwa, mwenye duka la saruji. Akanizungusha nyuma ya nyumba, akanionyesha mkaratusi.

Mti ule ulikuwa mrefu kupita mnara wa msikiti. Dhoruba ilikuwa imeupasua chini, ukaegemea upande wa nyumba ya mama mkwe, tawi moja tayari linasugua bati. Na mama mkwe alikuwa bado analala humo humo. Kuhama alikataa. Kuleta watu wa kukata alikataa pia. Mti ule ulipandwa na mumewe, na mumewe alikuwa amesema siku zote kwamba utakatwa na mashine yake tu. Rajabu akaingia stoo, akatoka na gunia, akalitua miguuni pangu.

Ndani ya gunia kulikuwa na chenso, ule msumeno wa mnyororo. Lakini si chenso za siku hizi unazobeba kwa mkono mmoja. Hii ilikuwa ya zamani, chuma kitupu, nzito kama ndama, haina hata kipande cha plastiki. Rangi ilikuwa imebaki kwenye kona mbili tatu tu.

"Shemeji," Rajabu akasema kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, "wewe iko fundi. Kila siku wewe nasema hapana mashine nashinda wewe. Sawa. Ijumaa, nyuma ya sala, sisi nakaa hapa. Kama hii nalia, kata mti, chukua bibi yako na mtoto. Kama hapana lia, wacha dada yetu akae na mama yake."

Amina alikuwa amesimama mlangoni. Alinipa chai, akaingia ndani bila neno. Chai haikuwa na sukari, na sikuthubutu kuuliza.

Basi nikarudi Arua na lile gunia mapajani. Jumatatu nilitoa kiota cha nyigu kwenye bomba la moshi, wakaniuma mara mbili. Pistoni ilikuwa imekwama, nikailoweka kwa dizeli usiku kucha. Jumanne ikaachia, nikasafisha kabureta, nikaweka plagi mpya, nikachanganya petroli na oili, nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena. Nilivuta mpaka kiganja kikatoka malengelenge, na ile chenso haikutoa hata mlio mmoja wa kunidanganya. Jumatano mchana nilikuwa nimekaa chini, naiangalia tu, nafikiria jinsi Hawa atakavyokua akimwita Rajabu baba.

Hapo ndipo nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu.

Nikageuka. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, amevaa koti zito la jeshi katika jua lile, na miguuni viatu vya tairi. Sikumwona akija. Lakini wazee wanaokuja kukaa kibandani kwangu ni wengi, nikasema moyoni, haya, mwingine huyo. Akakaa juu ya injini mbovu ya lori niliyoifanya kiti, akageuza sikio la kushoto upande wangu.

"Hii mashine iko na taabu gani?" akauliza.

"Mzee, shikamoo. Hapa ni kazini."

"Mimi naona. Ndiyo nauliza."

Nikamwambia moto, ule umeme wa kuwasha petroli, haufiki kwenye plagi. Akasema, bila haraka, "Toa hii gurudumu ya sumaku. Chini yake iko platini. Platini nachafuka."

Sasa sikiliza. Platini ni vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili moto upatikane. Magari ya zamani yalikuwa nazo. Mimi miaka saba Eldoret sikuwahi kuona chenso yenye platini. Nikamcheka. Nikamwambia, mzee, hiyo ni chenso, si lori la kubeba tumbaku. Akarudia, toa gurudumu. Nikamuuliza amesomea wapi. Akasema amesomea pale pale kwenye mashine. Nikamwambia basi mashine ilimfundisha uongo, na kwamba mtu kama yeye hata pampu ya baiskeli ingemshinda.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Alikaa tu, mikono juu ya magoti, akaendelea kunitazama ninavyokosea. Nikifungua skrubu, anaguna. Nikifunga, anaguna. Nikamwambia, "Mzee, nenda nyumbani, bibi yako akupe uji."

"Bibi yangu siku hizi hapana napikia mimi," akasema.

"Na hakosei," nikamjibu.

Nikampigia kelele Mama Ayikoru, jirani yangu wa chapati, alete chai vikombe viwili. Hata mimi na mdomo wangu, mgeni simnyimi chai. Mama Ayikoru akaja, akaangalia, akauliza, "Viwili?" Nikamwambia kama kuhesabu kumemshinda aniletee birika zima. Akaweka vikombe vyote viwili chini, akaondoka anageuka geuka. Mzee hakugusa chake.

Saa tisa ikapita. Nimefungua kila kitu isipokuwa lile gurudumu. Mzee akasema kwa mara ya kumi, toa gurudumu, na mimi nikachoka kabisa, nikasimama na spana mkononi, nikamwambia maneno ambayo mpaka leo yakinijia nikiwa naoga natetemeka, hata maji yawe ya moto. Nilimwambia, "Mzee, kama wewe una binti, namhurumia mwanamume aliyemwoa, maana mkwe kama wewe ni msiba."

Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza alicheka, cheko kavu la kifuani. Akasema, "Hata mimi namhurumia huyo mutu."

Nikatoa gurudumu, si kwa kumtii, nilitaka kumwonyesha hakuna kitu ili aende zake. Nikapiga taratibu, likaachia. Nikainama nikachungulia.

Platini ilikuwepo. Imekaa pale, nyeusi, imejaa kutu. Unajua mtu mwenye mdomo anavyojisikia siku hiyo? Mzee naye hakusema "nimekwambia". Bora angesema.

Nikaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa. Sasa nafasi kati ya vile vyuma viwili inatakiwa ipimwe, na kipimo chake sikuwa nacho. Mzee akasema, "Tafuta kadi ngumu. Kama ile ya harusi." Katika sanduku langu la spana kadi ilikuwepo moja tu, na ilikuwa ya harusi yangu mwenyewe. Ilikuwa inakaa humo na grisi miaka minne. Mzee akainyoosha shingo kusoma.

"Huyu Amina iko nani?"

"Mke wangu. Amenikimbia."

"Nakimbia nini?"

Sijui kwa nini nilimjibu. Labda ni kwa sababu alikuwa mgeni nisiyetarajia kumwona tena. Nikamwambia, "Anakimbia mdomo wangu. Na mashine hii isipolia Ijumaa, harudi, na mtoto pia. Naogopa, mzee." Nikakata kona ya kadi, nikapima nayo platini, ikakaa sawasawa.

Sasa ikabaki kujaribu moto. Sisi mafundi tuna njia yetu. Unaitoa plagi, mtu mmoja anaishika kwenye chuma, mwingine anavuta kamba. Moto ukiwepo, aliyeshika anaruka. Ni ukatili kidogo lakini hakidanganyi kipimo hicho. Nikampa mzee ashike, na nakiri nilimpa kwa ubaya, nilitaka nimwone akiruka na lile koti lake.

Nikavuta. Mzee ametulia. Nikavuta kwa nguvu, mara tano, mara sita. Mzee ameshika plagi kama ameshika kipande cha muhogo.

"Umeona?" nikamwambia. "Platini yako hiyo. Hakuna moto."

"Moto iko," akasema. "Mimi naona."

"Kama moto ungekuwepo, ungeruka."

"Mimi hapana naruka tena. Hii mambo mimi naacha."

Nikamnyang'anya plagi, nikaishika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, nikavuta kwa mkono wa kulia. Wallahi nilijikuta nimekaa ndani ya beseni la oili chafu, mkono umekufa ganzi mpaka begani, meno yanagongana. Mzee alicheka mpaka akafuta macho. Halafu akasema, na alisema polepole, "Binti yangu alikuwa nashika hii kila asubuhi. Alikuwa na miaka nane. Naruka, nacheka, nashika tena. Baadaye hata kushika hapana. Nasikiliza tu, naniambia baba, leo iko na hewa, baba, leo iko sawa. Huyo ndiyo alijua mashine. Kupita mimi."

Mimi nilikuwa nahangaika kutoka kwenye beseni. Niliyasikia maneno yale, lakini sikuyaweka popote.

Nikarudisha kila kitu. Nikataka kumimina mchanganyiko wangu wa petroli, mzee akakataa, mashine ya zamani inakunywa oili mara mbili ya hizi mpya. Safari hii sikubishana, nikaongeza. Akaniambia nifunge hewa, nivute tatu, nifungue, ningoje kidogo, nivute moja. Nikavuta tatu. Nikafungua. Nikangoja. Nikavuta moja.

Ikalia. Sijui nikuelezeje. Haikulia kama hizi za siku hizi zinazolia kama mbu, ilinguruma mpaka vikombe vya chai vikatetemeka, na kwa oili ile yote ikatoa moshi mweupe ukajaza kibanda chote. Nilipiga kelele kwa furaha. Nikageuka kumshika mzee mkono, moshi ukapungua, na juu ya ile injini ya lori hapakuwa na mtu. Nikatoka barabarani. Pale barabara imenyooka, unaona mbali pande zote mbili. Hakukuwa na mzee, kulikuwa na kuku na wanafunzi wawili. Nikasema, ah, amekasirika, amekwenda zake, na kikombe chake cha chai kimejaa vile vile.

Wewe tayari umeshajua. Mimi sikujua. Nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hafikirii.

Ijumaa nikafika Koboko mapema. Baada ya sala wakakaa uani, Rajabu na ndugu zake wawili, na baba mdogo wao, mzee mwenye ndevu nyekundu za hina. Mama mkwe alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Nikavuta tatu, nikangoja, nikavuta moja, ikanguruma. Nyuma ya pazia nikasikia kitu kimeanguka, kama sahani. Nikafunga kamba kwenye mkaratusi, ndugu wakavuta upande wa shamba, nikakata polepole, ukalala kwenye mihogo bila kugusa hata bati moja. Rajabu akanipa mkono. Amina alikuwa amesimama jikoni, Hawa miguuni pake, na nikaona ameuma mdomo asicheke.

Basi wakaleta chakula. Ningekula nikanyamaza, kisa kingeishia hapo. Lakini mimi nina mdomo. Nimeshashinda, watu wamenizunguka, nikaona niwachekeshe. Nikaanza kuwasimulia habari za mzee mmoja msumbufu aliyekuja kibandani. Nikamwigiza anavyokaa na sikio la kushoto mbele. Nikaigiza kikohozi. Nikasema nilivyomwambia hata pampu ya baiskeli ingemshinda. Nikasema ile ya uji. Nikainuka kabisa, nikashika kijiko kama spana, nikasema, "Nikamwambia, mzee, kama wewe una binti, namhurumia mwanamume aliyemwoa."

Nikangoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Rajabu alikuwa ameshika tonge hewani, haliendi mdomoni wala halirudi sahanini.

Sauti ya mama mkwe ikatoka nyuma ya pazia. "Alikuwa navaa nini?"

"Koti la jeshi, mama. Na viatu vya tairi."

"Sikio ya kulia iko nasikia?"

Nikafikiri. "Hapana, mama. Alikuwa anageuza la kushoto tu."

Baba mdogo akasema kwa sauti ndogo sana, "Ya kulia iliharibika na bunduki." Kisha akaniuliza, "Na wewe uliposema hii maneno ya binti, yeye nasema nini?"

Nikaelewa, nikaweka kijiko chini, nikakaa. Nikajibu, "Alisema, hata mimi namhurumia huyo mutu."

Halafu nyuma ya pazia mama mkwe akaanza kucheka. Alicheka, akacheka, kicheko kikageuka kilio, kikarudi kicheko. "Ni yeye," akasema. "Ni yeye kabisa. Hapana mutu mwingine."

Unafikiri waliniacha? Baba mdogo akasema sheria ni sheria. Mtu akimtukana baba mkwe, hata kama hakumjua, anatoa beberu, na anakwenda kwake kutaja makosa yake kwa mdomo wake mwenyewe, moja moja, watu wanasikia. Beberu hakunisumbua. Tukaenda kaburini nyuma ya nyumba, nikasimama mbele ya udongo ule, jasho linanitoka, nikasema, "Baba, nilisema pampu ya baiskeli itakushinda. Nisamehe." Nikadhani nimemaliza. Rajabu, bila hata kucheka, akasema nyuma yangu, "Na ile ya uji." Nikasema ile ya uji. "Na ile ya lori la tumbaku." Nikasema. Ile ya binti niliisema nikiwa nimefumba macho.

Nilipofumbua, Amina alikuwa amesimama pembeni yangu. Miezi miwili hakuwa amenisemesha. Akauliza, "Hakusema kitu kingine?"

Hapo ndipo yale maneno ambayo sikuyaweka popote yakarudi yote. Nikamwambia kuhusu msichana wa miaka nane aliyeshika plagi kila asubuhi, akaruka, akacheka, akashika tena. Nikamwambia baba yake alisema huyo ndiye aliyejua mashine, kupita yeye. Amina alifunika uso kwa kitambaa chake. Mimi nilisimama pale nikiona tena kibanda changu, mteja anacheka, na mke wangu ameinamisha kichwa kusikiliza jenereta. Miaka minne nimelala kitanda kimoja na mtu huyu, na sikuwahi kumuuliza. Niliona aibu ambayo kaburi lile lote halikuniletea.

"Ilikuwa inavuta hewa," nikamwambia. "Hukubahatisha."

"Najua," akasema.

Tulirudi Arua Jumapili, watatu. Chenso walitaka kunipa, nikakataa, iko Koboko mpaka leo na sitaki kuwa nayo chumba kimoja. Mama Ayikoru aliponiona na Amina alishusha pumzi, akasema Jumatano ile alinisikia nikigombana peke yangu mchana kutwa, alikuwa amekwisha kuwapigia simu ndugu zangu wa Pajulu waje na kamba wanifunge. Siku hizi Amina anakaa kibandani asubuhi, na mashine haitoki bila yeye kuisikiliza. Wateja wameongezeka, na wanamuulizia yeye.

Shida ni wazee. Habari ilienea mjini kwamba yule fundi wa mdomo hawezi tena kumjibu mzee, na wazee wa Arua si wajinga. Wanakuja watano, sita, wanakaa, wanakunywa chai yangu, wananifundisha kazi. Mmoja aliniambia niloweke pistoni kwenye maziwa ya mbuzi. Nilimwambia, ndiyo, baba. Sijui ni nani. Sijui binti yake ameolewa wapi. Nawatazama miguu kwanza, kama wana vumbi la njiani, na mara nyingine wanalo na bado siamini.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayesoma. Umeoa? Basi leo ukifika nyumbani, kaa chini umuulize mkeo alifundishwa nini na baba yake, na umsikilize mpaka amalize, na kama baba yake bado yupo nenda umsikilize naye. Mimi sikuuliza, ikabidi mzee wa watu aache kulala kwake Koboko, aje na koti lake katika jua la saa nane, atukanwe, ili anieleze mimi ni nani niliyemwoa.